Kusaka Fedha za Utafiti wa Selimundu na Magonjwa Mengine ya Damu Ukiwa Mwanza: Mwongozo Kamili

Kila tangazo la ruzuku likitoka, simu yangu huanza kulia. "Dada, tumeona NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani) wametangaza, tunaanzaje?" Anayepiga huwa daktari kijana au mteknolojia wa maabara. Swali zuri analo, wagonjwa anao, na amebakiwa na wiki tatu. Wiki tatu hazitoshi kupata hata namba za usajili, sembuse kuandika andiko la kuomba fedha. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa yule anayeanza leo, wakati hakuna tangazo lolote.

Nazungumzia magonjwa ya damu yasiyo saratani: selimundu (wodini tunaita sikoseli) na thalasemia, yote ya kurithi na ya chembe nyekundu za damu, himofilia na kasoro nyingine za kuganda kwa damu, na upungufu wa damu wa kila aina, uwe wa kukosa madini ya chuma, wa malaria, wa minyoo ya safura au wa kichocho. Mifano yangu mingi itakuwa ya selimundu, kwa sababu huku Kanda ya Ziwa ndiyo inayojaza vitanda, na ndiyo yenye milango mingi ya fedha. Wa himofilia wasinune, njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: swali litoke hapa ziwani

Wahakiki wa Washington au London wamesoma maandiko mengi yanayoanza na "selimundu ni tatizo kubwa Afrika". Wanalijua hilo. Wasichokijua ni kile unachokiona wewe katika hospitali za Bugando, Sekou Toure, Sengerema au Nansio.

Mwambao huu una historia yake katika elimu ya damu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Miaka miwili baadaye alichapisha takwimu za wilaya ya Musoma. Kati ya watoto wachanga 287 aliowapima, 9 walikuwa na vinasaba viwili, yaani wagonjwa. Kati ya watu wazima 654, wagonjwa walikuwa 5. Piga hesabu: wachanga ni zaidi ya asilimia 3, wakubwa hawafiki hata asilimia 1. Hao waliopungua hawakuhamia Kisumu. Walikufa wangali watoto.

Sasa ruka hadi 2020. Watafiti wa Mwanza na wenzao wa Cincinnati, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Shirika la Afya Duniani kuhusu kaskazini-magharibi ya Tanzania. Hawakutembea nyumba kwa nyumba kuchoma watoto vidole. Walichukua zaidi ya kadi 17,000 za matone makavu ya damu, zile ambazo zilikuwa zimekwisha kukusanywa ili kupima VVU kwa watoto wa mama wenye maambukizi, wakazipima upya kwa ajili ya selimundu. Walikuta takriban asilimia 20 ya watoto wanabeba kinasaba kimoja, na asilimia 1.2 ni wagonjwa. Kadi zilikuwa zimeshafanya kazi yake ya kwanza, zimekaa tu. Mtu mmoja aliziangalia akaona hazina.

Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili kabla ya kwenda hatua ya pili. Mfadhili hupenda swali linalopanda juu ya kitu kilichopo: kadi, rejista ya kliniki, kundi la wagonjwa wanaofuatiliwa, friji yenye sampuli zilizotunzwa vizuri. Kaa siku mbili uandike orodha ya vitu hivyo katika taasisi yako, pamoja na idadi, mwaka na nani anavitunza. Wengi hushangaa wanapoona walivyo matajiri.

Kisha andika swali lako kwa sentensi moja ambayo muuguzi wa zamu ataielewa bila kukuuliza mara ya pili. "Kuchunguza vipengele mbalimbali vya selimundu" si swali. "Je, mtoto wa Ukerewe aliyeanzishiwa hidroksiurea kwenye kituo cha afya anaendelea nayo mwaka mzima sawa na yule anayevuka maji kuja Bugando?" Hili ni swali. (Hidroksiurea ni dawa ya kila siku ya kupunguza makali ya selimundu.) Lina mahali, lina watu, lina kipimo, na jibu lolote litakalopatikana litabadilisha kitu.

Ukishakuwa na swali, fanya hesabu ya watu mapema, maana hapo ndipo ndoto nyingi hufia. Unataka kufuatilia watoto wagonjwa 200 tangu kuzaliwa? Kwa kiwango cha asilimia 1.2 itabidi upime wachanga wapatao 16,700. Unaweza? Kama unataka tu kujua kiwango cha wabebaji katika kata fulani, ukikadiria asilimia 20 na ukikubali kukosea kwa asilimia 3 juu au chini, unahitaji watu 683; ukikadiria kwamba asilimia 10 ya sampuli zitaharibika, gawa 683 kwa 0.9, unafika 759. Tofauti ya 759 na 16,700 ndiyo tofauti ya ruzuku ndogo na ruzuku kubwa. Chagua kabla hujachaguliwa.

Hatua ya pili: jua mlango wa kubisha

Wafadhili wengi hugawa magonjwa ya damu mafungu mawili, na saratani ina mlango wake. Wewe usiende huko. Ndani ya NIH, selimundu, kuganda kwa damu na uongezaji damu viko zaidi NHLBI, taasisi ya moyo, mapafu na damu. Madini ya chuma na namna uboho unavyotengeneza damu viko zaidi NIDDK, ambayo jina lake ni la kisukari na figo, kwa hiyo watu huipita bila kujua kwamba inagusa damu. Kituo cha Fogarty, cha hiyo hiyo NIH, kimekuwa na K43, ruzuku ya mtafiti chipukizi wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambayo hukupa muda wa kufanya utafiti ukiwa kwenu na walezi wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa kule.

NHLBI ndiyo iliyoanza kugharamia mtandao wa SickleInAfrica mwaka 2017, wenye kitovu MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Dar es Salaam, na kituo cha takwimu Chuo Kikuu cha Cape Town. Ukiwa Mwanza huna sababu ya kubuni fomu zako za usajili wa wagonjwa wakati mtandao huu tayari unazo. Tumia vigezo vyao. Baadaye takwimu zako zitaongea na za wenzako.

Chama cha wanahematolojia wa Marekani, ASH, kina ruzuku kwa watafiti chipukizi walio nje ya Marekani na Kanada, kina mpango wa kukupeleka kujifunza ujuzi mmoja mahususi kwa wiki chache, na kinaendesha mpango wa kupima watoto wachanga selimundu katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo. Wellcome ya Uingereza hupokea waombaji wa nchi zetu moja kwa moja, na ruzuku yake ya wanaoanza hufika pauni 400,000 za gharama za utafiti, nje ya mshahara wako. Mfuko wa Thrasher wa Marekani ni wa magonjwa ya watoto na haujali unaishi nchi gani. Himofilia ina shirikisho lake la dunia, makao makuu Montreal.

EDCTP ya Ulaya, ambayo wengi hapa wanaikimbilia kwa mazoea ya VVU na kifua kikuu, ni ya magonjwa ya kuambukiza. Ukitaka kuingia hapo na selimundu itabidi uingilie kwa malaria: kumkinga mtoto wa selimundu na malaria, kwa mfano. Usilazimishe, mhakiki hunusa.

Nyumbani kuna COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mfuko wake wa MTUSATE. Fedha zake si nyingi kama za nje, lakini ruzuku ndogo ya nyumbani hukupa takwimu za awali, na bila takwimu za awali R01, ruzuku kubwa ya utafiti ya NIH, ni kama kwenda kuvua sangara kwa mikono.

Hatua ya tatu: usajili, mahali wanapoangukia wengi

Kwa fedha za NIH, taasisi yako (si wewe binafsi) inatakiwa iwe na namba ya utambulisho ya NCAGE, kisha usajili wa SAM.gov (daftari la serikali ya Marekani la wanaopokea fedha zake) unaotoa namba nyingine, UEI, kisha Grants.gov, tovuti ya maombi ya ruzuku, na eRA Commons, mfumo wa NIH wenyewe wa kushughulikia maombi. Baada ya hapo ndipo wewe mtafiti mkuu unafunguliwa akaunti ndani ya eRA Commons. Vya mwisho haviendi bila vya mwanzo, na NIH wenyewe husema uanze wiki sita kabla. Mimi nasema miezi mitatu. SAM huisha kila mwaka na lazima ihuishwe.

Niliumia hapa. Taasisi niliyokuwa nafanyia kazi zamani ilisajiliwa NCAGE kwa anwani ya sanduku la posta, na SAM tukajaza jina la mtaa. Mfumo ukaona ni watu wawili tofauti. Barua pepe zikaenda na kurudi, huku kule ni usiku huku ni mchana, mpaka siku ya mwisho ikapita tukiwa na andiko la kurasa zote limekamilika mezani. Tangu siku hiyo nina karatasi moja ukutani: jina la taasisi herufi kwa herufi, anwani, na nani ana nywila. Kila fomu hunakiliwa kutoka kwenye karatasi hiyo. "Centre" na "Center" ni majina mawili mbele ya kompyuta.

Mwulize pia mhasibu mkuu wako leo: hesabu zetu za mwaka jana zimekaguliwa? Nani ana saini ya kukubali ruzuku? Akiwa safarini, nani anashika nafasi? Utakuta hakuna aliyewahi kufikiria.

Hatua ya nne: mshirika

Kwa miaka mingi mazoea yalikuwa chuo cha Marekani kinaomba, kisha kinatugawia sehemu. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha mgao mpya wa namna hiyo kwa taasisi za nje hadi utaratibu mwingine uwekwe, ambapo mshirika wa nje hupewa ruzuku yake mwenyewe iliyounganishwa na ile kuu. Maana yake kwetu: ule usajili wa hatua ya tatu si wa hiari tena, na uhasibu wako utatazamwa moja kwa moja. Kabla hujaandika neno, soma tangazo la mwezi huo, si la mwaka jana ulilotumiwa kwenye WhatsApp.

Mshirika mzuri utamjua kwa swali analouliza kwanza. Akianza na "mna wagonjwa wangapi na sampuli zitasafirishwaje", mpe chai, mshukuru. Akiuliza "ninyi mnataka kujua nini", kaa naye. Na kubalianeni kwa maandishi mapema: nani mwandishi wa kwanza, sampuli zitapimwa wapi, kijana gani wa hapa atasomeshwa.

Usisahau washirika wa karibu. NIMR Mwanza, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU wana wataalamu wa takwimu na usimamizi wa majaribio. Benki ya damu ya kanda iko hapa hapa mjini. Bugando imeshafanya jaribio la hidroksiurea kwa watoto walio hatarini kupata kiharusi, kwa kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Waliopitia kazi hiyo wanajua vidole vya nani ni vyepesi kwenye mashine na dawa hukwama wapi. Wafuate, uwape nafasi yenye jina na asilimia ya muda ndani ya bajeti, si "asante" mwishoni.

Hatua ya tano: andiko lenyewe

Kwa NIH, ukurasa mmoja wa malengo ndio roho. Andika huo kwanza, upeleke kwa watu watano, mmoja wao asiwe wa damu kabisa. Mkakati wa utafiti ni kurasa 12 kwa R01 na 6 kwa R21, ruzuku ndogo ya kujaribu wazo jipya. Tangu Januari 2025 wahakiki hutoa alama kwa mambo mawili, umuhimu wa swali na uimara wa mbinu, halafu hutazama kama watu na mazingira yanatosha. Alama ni 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora, kinyume cha mitihani yetu.

Eleza kwa nini jambo hili linafanyika Mwanza na si kwingine. Dunia ilipata watoto wapatao 515,000 wenye selimundu mwaka 2021, zaidi ya robo tatu yao kusini mwa Sahara. Tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ilipangiwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja Marekani. Kidonge cha hidroksiurea, kilichoidhinishwa Marekani kwa selimundu ya watu wazima tangu 1998, kilionyeshwa na jaribio la nchi nne za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, kwamba hupunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo kwa watoto. Pengo kati ya bei ya tiba hiyo na ya kidonge hiki ndipo swali lako linapokaa. Huna haja ya kulia wala kuombea huruma, ionyeshe hesabu.

Barua za kuunga mkono ziwe na kitu ndani. "Tunaunga mkono utafiti huu" haina maana. "Tutatoa chumba, muuguzi siku mbili kwa wiki, na ruhusa ya kutumia rejista" ina maana.

Hatua ya sita: bajeti

Anza na mtoto mmoja. Mtoto wa kilo 25, kwa miligramu 20 za hidroksiurea kwa kila kilo, anatumia miligramu 500 kwa siku, kapsuli moja. Watoto 100 kwa mwaka ni kapsuli 36,500. Ongeza za kumwagika, za aliyeongezeka uzito, na za meli iliyochelewa. Kisha hesabu ya damu kila anapokuja, vitendanishi, sindano, glavu. Kisha nauli: ya mama na mtoto, kwenda na kurudi, na chakula, kwa sababu mwenye mtoto mgonjwa toka kisiwani halali Mwanza bure. Wanaoweka nauli ya mtu mmoja hawajawahi kusafiri na mtoto anayeumwa mifupa.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 19 Juni 2025 (kwa bahati, siku ile ile dunia inapoadhimisha selimundu), kwa hiyo foleni ya kivuko kwenda Sengerema na Geita iondoe kwenye bajeti. Ukerewe bado ni maji. Tenga siku mbili kwa kila safari.

Mengine kwa haraka. Weka stabilaiza na mafuta ya jenereta, friji ikizima sampuli zimekwenda. Taasisi ya umma hununua kupitia mfumo wa NeST, hivyo vitendanishi viwe na miezi yake kwenye ratiba. Linganisha shilingi na dola kwa kiwango cha tahadhari. Gharama za uendeshaji wa taasisi, NIH imekuwa ikiwapa wa nje asilimia 8. Usimruhusu mkurugenzi aahidiwe zaidi. Na lipa watu wako mwaka mzima: mradi unaomwajiri mtunza takwimu miezi sita hupata takwimu za miezi sita.

Hatua ya saba: vibali

Kibali cha maadili huanzia kamati ya taasisi au ya kanda, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Ukitumia dawa kwa majaribio, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima waidhinishe, na jaribio lisajiliwe kwenye daftari la umma la majaribio. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH. Sampuli au takwimu zikivuka mpaka, kuna mkataba wa kuzihamisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakuhusu, hata kama ni jedwali la Excel kwenye kompyuta yako.

Hizo ni karatasi. Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Kipimo cha selimundu hakimpimi mtoto peke yake. Mtoto mwenye vinasaba viwili amepata kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Ukimpima na baba, ukakuta hana, umeingia ndani ya nyumba ya watu ukiwa na viatu. Na hata baba akiwa nacho, mara nyingi anayelaumiwa ni mama: "ugonjwa wa kwenu huo". Kwa hiyo andika wazi: tutampima nani, majibu atapewa nani, kwa pamoja au mmoja mmoja, na mshauri atakuwa nani. Kama swali lako halihitaji damu ya baba, usiichukue.

Fomu ya ridhaa iwe Kiswahili cha nyumbani, kisha ijaribu kwa akina mama kumi. Kwa bibi wa Magu ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, awepo wa kumweleza kwa Kisukuma. Visiwani, kwa Kikerewe au Kijita. Na jibu swali ambalo kamati itauliza: mtoto mpya mgonjwa ukimkuta Ukara, unampeleka wapi, dawa anapata kwa nani, na mradi ukiisha itakuwaje? Andiko lisilo na jibu hapo lirudishwe tu.

Hatua ya nane: kutuma, kukataliwa, kutuma tena

Tarehe za kawaida za R01 mpya ni 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba. R21 ni tarehe 16 ya miezi hiyo hiyo. Tuma siku nne kabla. Umeme wetu unajulikana, na mfumo ukikuta kosa unapata nafasi ya kurekebisha kabla muda haujafika.

Utakataliwa. Jambo la kawaida. Barua ya wahakiki ikija, isome mara moja, uifunge, urudi kwayo baada ya wiki, ukishapoa. Gawa hoja zao: zile walizo sahihi, zile ambazo hukueleza vizuri, na zile ambazo mhakiki amekosea kabisa. Kundi la mwisho ni dogo kuliko unavyodhani siku ya kwanza. Mwandikie ofisa wa programu wa NHLBI au NIDDK barua fupi uombe kuzungumza naye. Kazi yake ni hiyo, na Waafrika wengi hatumtumii kwa aibu tu. NIH hukuruhusu kurudisha andiko lile lile lililorekebishwa mara moja, ndani ya miezi 37.

Wakati unasubiri, kadi za damu zinaendelea kuingia na rejista inaendelea kujaa. Chapisha kitu kidogo kutokana nazo. Na ile karatasi ya ukutani, iongezee tarehe mbili kwa wino mwekundu: ya kuhuisha SAM na ya kuhuisha kibali cha maadili.